Gitaa Lililochaguliwa kwa Meno

Zamani zake, Nyundo alipiga gitaa kwa kishindo ambacho kiliwafanya majirani wafunge madirisha hata wakati wa joto. Nani alimpa jina hilo, hakuna aliyekuwa na hakika. Wengine walisema ni mpiga ngoma wa kwanza wa kundi lao, wengine walisema ni mmoja wa hao majirani. Vyovyote vile, jina lilimkaa kama shati la kushonesha. Muziki wake ulikuwa hevi metali, ule ambao magitaa hunguruma kama mashine iliyolishwa kokoto na mwimbaji huimba kama mtu aliyebanwa kidole na mlango wa gari. Wapo wasioweza kuuvumilia hata kidogo. Wapo pia ambao wakishausikia utotoni hawaponi tena. Nyundo hakupona, na aliishi kwa muziki huo mpaka nywele zikaanza kumkimbia.

Masikio yalimtupa polepole. La kushoto lilitangulia, kwa sababu upande huo ndiko yalikokuwa matoazi ya mpiga ngoma, kila jukwaa, siku zote. La kulia likafuata, ila lenyewe halikufa lote. Lilibakiwa na sauti za chini: lori likipita, mlango ukibamizwa, mwanamume mwenye koo zito. Ndege, mlio wa simu, sauti za wanawake na watoto, vyote hivyo viliondoka bila kuaga.

Hakumwambia mtu. Aliyegundua ni binti yake, mfamasia, mwanamke mtulivu asiyependa kurudia maneno. Siku moja alitoka kazini akakuta birika la filimbi linapiga kelele jikoni, maji yanakaribia kukauka, na baba yake amekaa palepale mezani, hatua chache tu kutoka kwenye jiko, anamenya chungwa. Akazima jiko, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Baba, tangu lini?"

Nyundo aliitazama midomo yake, akaelewa, akajitia hamnazo. "Tangu lini nini?"

"Baba."

"Muda," akasema, akaendelea kumenya.

Kuanzia hapo binti akawa masikio yake. Simu zote alijibu yeye. Penye watu alisimama upande wa kulia wa baba yake na kuyarudia maneno ya wenzao kwa ujanja, kama mtu anayekubaliana nao: "Eti anauliza kama utapiga zile za zamani, Baba, umeona?" Kwa kutazama midomo na kwa msaada huo, mambo yakaenda. Watu walisema uzee umemtuliza. Mtangazaji mmoja alimsifu hewani kwa busara, kwa kuwa kila alipoulizwa swali alinyamaza kwanza, akamtupia binti yake jicho, ndipo akajibu. Waliomfahamu zamani walisema ameota pembe, wanamwita barabarani hageuki.

Katika hali hiyo ndipo kiwanda cha magitaa kilipomwita.

Kiwanda kilitaka kutengeneza gitaa lenye jina lake. Wapiga gitaa wote wanajua maana yake. Mwili unakatwa kwa umbo analolitaka yeye, shingo inachongwa kwa kipimo cha mkono wake, sauti inakuwa ile iliyomtambulisha kwa watu, na juu kabisa, kwenye kichwa zinapokazwa nyuzi, saini yake. Halafu mtu yeyote anaweza kuingia dukani, akalishika na kutoka nalo. Nyundo alikuwa amelitamani jambo hilo tangu ana kichwa kilichojaa nywele. Alipoona barua, alikaa kitandani na kuivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

Kazi ya kwanza haikumpa taabu, kwa maana ilikuwa ya macho na mikono. Alichagua mbao nzito. Alitaka pembe mbili za mwili ziwe kali, ya juu ndefu kuliko ya chini. Rangi alitaka nyeusi isiyong'aa, nyeusi ya sufuria iliyoungulia. Shingo waliichonga, akaipapasa, akairudisha, wakaichonga tena, akairudisha, mpaka seremala wa shingo akaanza kumkwepa kwenye korido. Mwishowe mkono ukakubali.

"Sasa zimebaki pikapu tu," meneja wa masoko aliandika.

Binti yake aliposoma ujumbe huo alishtuka kidogo. "Baba, wanakupa na gari? Tutaliegesha wapi?"

Ikabidi amweleze. Pikapu za gitaa la umeme ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, zinakaa chini ya nyuzi. Zenyewe ndizo zinazounasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya. Ukibadilisha sumaku, au ukaongeza mizunguko ya waya, gitaa lilelile linazungumza kwa sauti ya mtu mwingine. Kiwanda kingemtengenezea aina tatu, naye angekwenda kuzisikiliza na kuchagua moja.

"Kuzisikiliza," binti akasema.

"Ndiyo."

Wakatazamana.

Mpango walioupanga ulikuwa mwepesi. Nyundo angepiga yale magitaa matatu, moja baada ya jingine. Binti angekaa mbele yake. Baada ya hapo angekunja mikono kifuani pale baba yake atakapoligusa lile lililo bora, naye Nyundo angelitaja.

"Lakini bora kwa nani?" binti akauliza. "Mimi mambo haya sina ujuzi nayo."

"Una masikio. Chagua utakalolipenda."

Hapo ndipo alipokosea. Binti huyo alikuwa amekua chumba cha pili na amplifaya ya baba yake. Masomo yake yote alisoma na pamba masikioni. Hakuwahi kuupenda muziki ule, wala kuuchukia hasa. Aliuchukulia kama watu wanaoishi kando ya reli wanavyoichukulia treni.

Chumba cha kusikilizia kilikuwa kidogo, kina zulia, kuta zimefunikwa sponji ya kijivu. Magitaa matatu yalisimama kwenye vishikio vyake, meusi yote, yanafanana kama mapacha, isipokuwa vibandiko vidogo nyuma ya shingo: chekundu, cheupe na cha kijani. Alikuwepo meneja wa masoko, bwana mwenye viatu vya kung'aa na kicheko cha karibu. Alikuwepo pia aliyezitengeneza pikapu zenyewe, mkuu wa kitengo hicho, mwanamke wa rika la Nyundo ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Waya. Miwani yake ilining'inia kwa kamba shingoni, na ncha za vidole vyake zilikuwa na makovu membamba ya kung'aa, kazi ya miaka mingi ya shaba.

Nyundo alipiga. Vidole vilikuwa vyepesi bado, hilo masikio hayakuliharibu. Chekundu. Cheupe. Cha kijani. Kwake yeye yote matatu yalikuwa ni mshindo uleule, kama mtu anayehamisha kabati ghorofa ya juu. Kisha akayashika moja moja, akijifanya anatafakari. Aliposhika la kijani, binti akakunja mikono.

"Hili," Nyundo akasema. "La kijani."

Mama Waya alivaa miwani yake. "La kijani?" akauliza. "Hilo nililitengeneza la kulinganishia tu. Ni la mtu wa kupiga muziki hotelini, wageni wakila."

Wakati akisema hayo alikuwa ameinama kuliangalia gitaa, na Nyundo aliona nusu tu ya mdomo wake. Neno alilolidaka ni "nililitengeneza". Akadhani anajisifu kidogo, na ana haki.

"Asante sana," akamjibu kwa heshima zote. "Inaonekana."

Meneja wa masoko alicheka mpaka akashika ukuta, akiamini ni utani wa wasanii. Mama Waya hakucheka. Aliinua uso, akamtazama Nyundo, akamtazama binti aliyekaa amekunja mikono, akamrudia tena Nyundo. Nyundo alijua ameteleza, hakujua ameteleza wapi, na mtu akiwa hivyo hukaza sura.

"Nimesema la kijani," akasema. "Ndilo hilo."

Kiwanda kikatengeneza machache ya kwanza, kikayagawa kwa wapigaji na maduka kadhaa wayajaribu kabla ya uzinduzi.

Moja lilimfikia Kobe. Huyu alikuwa mpiga besi wa kundi lao tangu mwanzo, na aliitwa Kobe kwa sababu hakuna siku aliyowahi kufika kwa wakati. Alikuwa na sauti nzito ya kutoka tumboni, na hiyo ndiyo iliyomfanya asigundue kitu. Kati ya rafiki wote wa Nyundo, Kobe peke yake alikuwa akisikika. Walizungumza saa nzima bila shida, na Kobe akiwasikia watu wakisema rafiki yake ameota pembe aliwashangaa.

Alikuja nyumbani mchana mmoja, akakaa, akanywa maji, akaizunguka habari aliyoijia mpaka ikachoka.

"Gitaa lako nimelipiga," hatimaye akasema. "Mwili mzuri. Shingo tamu. Umbo lake, mtoto akiliona ataota."

"Lakini?"

"Sauti yake, ndugu yangu. Linaomba radhi."

"Linaombaje radhi?"

"Kama mgeni aliyevunja glasi. Unalipiga kwa nguvu, lenyewe linakujibu samahani." Akakuna kidevu. "Nani alichagua zile pikapu?"

"Mimi," Nyundo akasema. "Ndivyo nilivyotaka."

Kobe akatikisa kichwa taratibu. Hakubisha. "Basi nimezeeka mimi," akasema. "Masikio yangu siku hizi siyaamini."

Alipoondoka Nyundo alibaki sebuleni ameshika tama. Kama Kobe angemcheka au kumtukana, angejua la kufanya. Lakini mwenzake alikuwa amejitwisha kosa na kwenda nalo, na ndilo lililomkata maini.

Binti aliporudi alimngoja avue viatu.

"Kwa nini ulichagua la kijani?"

"Uliniambia nichague nitakalolipenda. Nililipenda."

"Kwa nini?"

Binti alifikiri. "Kwa sababu halikuniumiza."

Nyundo akacheka kwa pua, kicheko kisicho na raha. Binti alikaa mbele yake ili midomo ionekane vizuri.

"Sikiliza, Baba. Mwambie yule mama wa pikapu. Alikwishaona."

"Nikimwambia wataliondoa jina langu. Nani atanunua gitaa la kiziwi?"

"Basi waliondoe. Mimi nimekuwa sikio lako, na sijachoka. Lakini sasa nimekuwa kichwa chako pia, na hicho sikukiomba. Simu zako nitazijibu. Kujifanya wewe, sitajifanya tena."

Hawakugombana. Walikuwa watu wa kuuma maneno. Siku zilizofuata binti alikwenda kazini, chakula akakiacha kimefunikwa sahani, na usiku wakatazama taarifa ya habari, yeye akisikiliza, Nyundo akisoma maandishi yanayopita chini. Palikuwa na amani ya aina fulani. Nyundo aliibeba mpaka ikamshinda, akavaa shati safi akaenda kiwandani peke yake.

Mlinzi wa lango alimuuliza kitu. Nyundo akamwomba arudie. Akarudia, na Nyundo akaitikia, na mlinzi akabaki anamwangalia, maana alikuwa amemuuliza anakwenda kwa nani na mtu amejibu ndiyo. Akauliza tena. Nyuma yao gari lilikuwa linasubiri kuingia.

"Sisikii, kaka," Nyundo akasema. "Niandikie."

Alikuwa hajawahi kuyatamka maneno hayo kwa mtu yeyote. Alitegemea kitu kitokee. Mlinzi akachukua gazeti lake, akaandika pembeni mwa ukurasa wa michezo: *Kwa nani?* Nyundo akataja. Mlinzi akamwonyesha njia kwa mkono, akamfungulia mwenye gari. Ikaishia hapo.

Karakana ya Mama Waya ilinuka nta. Pikapu zikishafungwa waya huchovywa kwenye nta ya moto ili zisipige mluzi penye kelele, na sufuria ya nta ilikuwa juu ya jiko dogo la umeme, inatoa mvuke. Mashine za kuzungushia waya zilikuwa zimepangwa kwenye meza ndefu chini ya dirisha. Waya wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko unywele. Ulionekana tu pale mwanga ulipouangukia.

Nyundo alisema alichokwenda kusema, chote, bila kuketi. Mama Waya alizima mashine, akasogea mpaka wakawa uso kwa uso, akazungumza taratibu bila kupaza sauti. Kwa hilo Nyundo alimshukuru moyoni. Wengi wakijua mtu hasikii humpigia kelele kana kwamba amekosa adabu.

"Nilijua uliponiambia asante," akasema. "Mtu anayetukanwa kazi yake hashukuru."

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya yule bwana? Angeyatangaza kabla ya chakula cha mchana." Akamvutia kiti. "Niambie. Miaka hii ya mwisho jukwaani, ulikuwa unajuaje unachopiga?"

"Kwa miguu. Na kifua. Na nikiwa peke yangu nyumbani, kwa meno."

"Meno?"

"Naliuma gitaa. Ile pembe ya juu. Inakuja kichwani."

Alitegemea achekwe. Mama Waya aliweka mkono shavuni, akafikiri kifundi.

"Ukiuma gitaa unasikia mbao," akasema. "Kazi yangu mimi haipo kwenye mbao. Ipo kule inakotokea." Akaonyesha spika.

Akaenda kwenye pipa la mabaki, akapekua, akarudi na ufito mrefu, pande lililokatwa kwenye mbao za shingo. Akaufuta kwa kitambaa chenye spiriti, ncha zote mbili. Akamkalisha Nyundo kando ya amplifaya, akaegemeza ncha moja kwenye kasha la spika, nyingine akampa.

"Uma. Sasa piga."

Ungewaona ungesema wana lao jambo: mzee wa watu amekaa na fimbo mdomoni kama mbwa aliyetumwa, gitaa pajani, na mwanamke mtu mzima amepiga magoti ameishika ncha ya pili isiteleze. Nyundo alipiga gitaa la kijani. Sauti ikapanda ufito, ikaingia kwenye meno, ikaenea taya na fuvu. Hakuweza kuiita kusikia. Lakini alijua jinsi noti ilivyoanza, uzito wake, na ilivyoondoka. Ya kijani ilimjia kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi ya taa. Akaelewa Kobe alichomaanisha, na akaona haya peke yake, mdomo umejaa mbao.

La kibandiko chekundu liligonga. La kibandiko cheupe liligonga likabaki, likabaki hata aliponyamazisha nyuzi kwa kiganja.

Akatoa ufito. "Nataka uzito wa hili jeupe. Lakini nikilikata, likatike. Palepale. Lisinijibu."

Mama Waya akaitikia. Kwa lugha ya namna hiyo aliweza kufanya kazi. "Na sauti za juu?"

"Za juu siwezi kukudanganya. Sina."

"Nani anakumbuka ulivyokuwa ukisikika zamani? Si kwenye rekodi. Kwa masikio."

"Kobe," Nyundo akasema. Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka yupo mwingine nyumbani, "Na binti yangu."

Kumwambia Kobe kulikuwa kugumu kuliko kumwambia fundi. Kobe alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kama aliyemwagiwa maji.

"Ina maana miaka yote hii ulikuwa unanisikia mimi tu?"

"Wewe tu."

"Nami nikajua unaupenda ushauri wangu," Kobe akasema. Baada ya muda akaanza kucheka, tumbo likitikisika, na kicheko chake Nyundo alikisikia chote.

Mama Waya alichukua majuma kadhaa. Alibadilisha sumaku, akapunguza mizunguko upande mmoja akaongeza upande wa pili, akatengeneza pikapu ya nne, akaitupa, akatengeneza ya tano. Kila mara Nyundo alikaa na ufito wake, akasema ndiyo au bado. Sauti ya chini ilipokubali, wakaitwa wale wawili kuhukumu ya juu. Kobe alifika kachelewa.

Nyundo akapiga. Hakuchagua wimbo, aliacha vidole viende vinakojua. Kobe alisikiliza ameinamisha kichwa, akasema sauti ya juu imezidi kidogo, ipunguzwe. Binti alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye sikio.

"Haijazidi," akasema.

Wote wakageuka.

"Hata haijafika. Pale juu palikuwa na kitu kinachokwaruza, kama kijiko kwenye kitako cha sufuria. Kilipita ukutani hata Baba akipunguza sauti. Nikiziba masikio kingine chote kilipotea, hicho hakikupotea." Alisema hayo kwa sauti ileile anayotumia kumweleza mgonjwa namna ya kumeza vidonge. "Hesabu zangu zote za shule nilizifanya hicho kitu kikikwaruza. Hapo hakipo."

Mama Waya akamtazama Kobe. Kobe akafumba macho, akatafuta kumbukumbuni.

"Anasema kweli," akasema. "Mimi nilikuwa nasimama mbali na spika yake. Huyu alilala nayo ukuta mmoja."

Nyundo hakuwa amesikia hata neno moja, kwa kuwa binti alikuwa upande wa pili wa chumba. Mama Waya akamrudia yote, uso kwa uso. Nyundo alimsikiliza, akainamia gitaa, akawa anazifuta nyuzi kwa upindo wa shati muda mrefu zaidi ya zilivyohitaji.

Jaribio lililofuata, binti alisikiliza kidogo tu. Akatoka nje akakaa kwenye benchi la korido. Alipofuatwa alisema kichwa kinamuuma, na kwamba ndiyo yenyewe.

Meneja wa masoko alipopata habari kwamba pikapu zimebadilishwa, aliwaka. Magitaa ya kwanza yarudishwe, matangazo yasogezwe, nani atawajibika? Alipoambiwa sababu, hasira zikamtoka mara moja na macho yakamng'aa. Hii ni hadithi kubwa, akasema. Hii itaandikwa kwenye mabango.

"Hapana," Nyundo akasema. "Anayelinunua alinunue kwa sauti yake."

Wakavutana. Meneja alimpaka mafuta, alimtisha, alimwita mzee wangu. Nyundo alikuwa na silaha moja ambayo wengine hawana: aliangalia pembeni, na midomo ya meneja ikaendelea kuchezacheza bila kumfikia. Mabango yakatoka bila hadithi. Magitaa ya kijani yalirudishwa kimyakimya, isipokuwa moja. Mpiga gitaa wa hoteli fulani aligoma kulitoa. Alisema hajawahi kupata gitaa lenye adabu kama lile.

Uzinduzi ulifanyika alasiri, kwenye duka la vyombo vya muziki lililosogezwa piano zake pembeni ili watu wapate pa kusimama. Nyundo alipiga na Kobe. Waliojaa humo walikuwa wa makamo wengi, wenye fulana zilizobana matumbo, na vijana wachache waliokuja kuangalia vidole. Alipomaliza, mwanamke mmoja wa safu ya mbele akainua mkono akauliza kitu. Binti alikuwa amesimama upande wa kulia kama kawaida. Alimtazama baba yake, hakusema neno. Alikuwa amesema hatajifanya yeye, na hakujifanya.

"Sisikii," Nyundo akasema kwenye maikrofoni. "Njoo karibu, au andika."

Yule mwanamke alitazama huku na huku, akaandika kwenye simu yake, akamsogezea. Alikuwa ameuliza nyuzi anazotumia ni nene kiasi gani. Nyundo akamjibu. Swali lililofuata, lililokuja kwenye simu iliyopitishwa mkono hadi mkono kutoka nyuma, liliandikwa: *Tangu lini?*

"Muda," akasema. Kisha akaona hilo halitoshi, akaeleza: sikio la kushoto, matoazi, la kulia, birika, ufito. Ufito ulipotajwa watu walicheka, naye akawaacha wacheke. Wapo waliosema baadaye kwamba sasa wameelewa kwa nini rekodi zake za mwisho zilikuwa na makelele kupita kiasi. Wapo waliosema alikuwa anatafuta huruma. Gitaa lenyewe halikuvunja rekodi wala halikudoda. Kiwanda kilitengeneza toleo la pili mwaka uliofuata, na watu wakisifu kitu husifu jinsi linavyokatika ukiliwekea kiganja, na mkwaruzo fulani wa juu ambao hawajui kuueleza.

Nyundo aliacha kupiga mbele za watu, isipokuwa Kobe akimbembeleza. Yeye na binti yake walijiandikisha kwenye darasa la lugha ya alama, alasiri za siku ambazo duka la dawa halimhitaji binti. Mwalimu alikuwa mwanamke kiziwi tangu kuzaliwa, mwenye subira kwa wanafunzi wazito. Binti alijifunza polepole, kila alama aliikamilisha kabla ya kuanza nyingine. Nyundo alidhani kwake itakuwa kazi nyepesi, kwa vidole alivyonavyo. Alizidaka alama haraka kuliko wote darasani na kuzimwaga kwa kasi, mikono ikipanda hadi juu ya kichwa, ikigongana, ikifagia hewa ya jirani yake. Alipokuwa anaeleza alichokula asubuhi, mwalimu akarudi hatua nyuma, akamtazama mpaka mwisho, akageuka ubaoni akachukua chaki.

*Punguza*, akaandika. *Unapayuka.*